Tani Tatu za Tabata

Saa kumi na nusu jioni, Jumamosi moja ya Machi, nilisimama katikati ya maegesho ya shule moja ya Tabata, Dar es Salaam, nikiangalia lori tupu. Tani tatu za lami moto nilizoziagiza zilikuwa zimekwisha. Mashimo sita yalikuwa yamejazwa na kushindiliwa vizuri, la saba limefika nusu, na mengine saba hayajaguswa. Asubuhi tulikuwa tumeyakata yote kumi na manne kwa mashine, pande nne zimenyooka, kwa hiyo yale yaliyobaki wazi yalikuwa mabaya kuliko tulivyoyakuta. Shimo la zamani lilikuwa na kingo zilizolika, gari linashuka taratibu na kupanda taratibu. Sasa lilikuwa na ukingo mkali wa kupasua tairi.

Mwalimu mkuu alikuja, akayahesabu kwa kidole, akaniuliza, "Fundi, si ulisema leo unamaliza?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule ikanyesha.

Nimeandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaopewa kazi ndogo za lami, zile za uani kwa mtu, maegesho ya kanisa, njia ya kuingilia godauni. Kazi hizi hazina mhandisi wala makaratasi. Mteja anakuita, mnazunguka naye dakika kumi, halafu anataka kujua vifaa kiasi gani na bei gani. Hapo ndipo pa kupotea, na mimi nilipotea vibaya.

Nilikuwa mwashi. Nilisoma VETA, nikajenga kuta za watu Kinyerezi na Segerea miaka sita kabla sijashika kazi yoyote ya lami. Ukuta unahesabika. Mita moja ya mraba inakula tofali za inchi sita kama 10, na zikipungua ishirini unamtuma kijana na guta. Ukuta unasubiri mpaka kesho bila kuharibika. Lami moto haisubiri. Inatoka kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 150 na zaidi, na ikishuka chini ya 80 hivi kompakta, ile mashine ya kushindilia, inairukia juu tu, haiingii. Huwezi kuita toroli tano za ziada saa kumi jioni. Kiwanda kimeshazima, na hata kama hakijazima, hawakuwashii mtambo kwa ajili ya kilo mia tano.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa hivi. Nilipita na tepu nikakuta kila shimo ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Hiyo ni mita za mraba 2.25, mara mashimo 14, nikapata 31.5. Kina nilikipima kwa kuingiza futi ya mbao pembeni mwa shimo, nikasoma sentimita 5. Ujazo ukawa mita za ujazo 1.575. Uzito sikuujua, nikachukua ule ninaoujua wa mchanga, kilo 1,600 kwa mita ya ujazo. Jibu likaja tani mbili na nusu. Nikaongeza nusu tani ya usalama, nikalala usingizi mzuri.

Jumapili asubuhi alikuja mzee mmoja jirani wa shule, mstaafu wa Wizara ya Ujenzi, aliyeona vurugu yetu kupitia ukuta wake. Hakunicheka. Aliomba karatasi yangu, akavaa miwani, akaisoma taratibu kama anasoma barua ya posa. Halafu akaniambia, "Kijana, umekosea mara tatu, na makosa ya hesabu hii hayajumlishwi, yanazidishana."

Kosa la kwanza lilikuwa eneo. Nilipima shimo ninaloliona. Lakini lami iliyo pembeni ya shimo huwa imeshakufa, imeachana na kitako chake, yaani tabaka la kokoto lililo chini yake, na lazima ukate mpaka ufike penye uzima. Tulikata sentimita 15 kila upande. Inaonekana ni kidogo, lakini mita 1.5 ikawa 1.8, na 1.8 kwa 1.8 ni mita za mraba 3.24. Mashimo 14 yakawa mita za mraba 45. Shimo likiwa dogo ndivyo ukataji unavyolikuza zaidi kwa uwiano: shimo la nusu mita kwa nusu mita, ukilikata hivyo hivyo, eneo lake linazidi mara mbili na nusu. Ndiyo maana uani penye vishimo vingi vidogo hupunja mafundi kuliko penye shimo moja kubwa.

La pili ni kina. Nilipima pembeni, penye kina kidogo. Katikati palikuwa na sentimita 7, na tulipofagia vumbi na kokoto zilizolegea pakashuka tena. Wastani wa kweli ulikuwa 6. Siku hizi nalaza ubao mnyoofu wa kupigia lipu juu ya shimo, napima kushuka kutoka kwenye ubao, mara tano: pembe nne na katikati. Nazijumlisha, nagawa kwa tano. Dakika mbili kwa kila shimo.

La tatu, ambalo mzee alilisisitiza kuliko yote, ni uzito. "Lami ni mawe," aliniambia, "mawe yaliyopakwa mafuta mazito yakashikana. Wewe umeipa uzito wa mchanga uliomwagwa." Jiwe zima la kokoto zetu linazidi kilo 2,600 kwa mita ya ujazo. Ukilisaga, ukalichanganya na lami, ukalishindilia mpaka likakaza, unabaki na kilo 2,350 hivi. Mimi niliandika 1,600.

Sasa zidisha. Mita za mraba 45 kwa kina cha 0.06 ni mita za ujazo 2.7. Mara 2,350 ni tani 6.3. Ongeza kidogo ya kupotea, ni karibu tani 7. Niliagiza tatu. Hakuna kosa hata moja kati ya yale matatu lililofika nusu ya hesabu, lakini yaliposhikana mikono yalinipeleka chini ya nusu ya mzigo uliohitajika.

Mzee akaniachia namba moja ambayo sijawahi kuisahau: kilo 24. Mita moja ya mraba, kwa kila sentimita moja ya kina baada ya kushindilia, inakula kilo 23 na nusu. Wewe shika 24. Shimo letu la mita za mraba 3.24 kwa sentimita 6: 3.24 mara 6 mara 24, kilo 467. Toroli iliyojaa lami moto inabeba kama kilo 100, kwa hiyo ni toroli nne na nusu kwenda tano. Ukishaijua hesabu hii, huhitaji kusubiri lori liishe ndipo ugundue umepungukiwa. Kwenye shimo la pili tu, ukiona toroli zinapita hesabu, unasimamisha kazi na kuamua mashimo yapi yaachwe bila kukatwa. Laiti ningeijua Jumamosi ile, nisingeyakata yote asubuhi kwa mbwembwe.

Lipo pia jambo la unene wa kumwaga. Lami iliyomwagwa na kusambazwa kwa reki bado ina hewa nyingi. Ukitaka sentimita 6 zilizokaza, unasambaza kama saba na nusu. Kompakta inaishusha robo ile. Hilo halibadilishi tani, maana uzito ni ule ule, lakini linawachanganya vijana wengi: wanajaza shimo mpaka usawa wa lami ya zamani, wanashindilia, linazama, wanarudi kuongeza kiganja juu ya lami iliyoanza kupoa. Kile kiganja hakishiki. Kinabanduka kama ngozi iliyoungua na jua.

Nirudi Tabata. Yale mashimo yaliyobaki yalikuwa yamejaa maji ya mvua. Tulikamua kwa ndoo na matambara, tukayajaza kokoto na vumbi la mawe kwa muda ili Jumatatu wazazi waweze kuingiza magari, tukijua tutayachimbua tena. Vifaa vile vya muda havikuwa kwenye makadirio, wala vibarua wa Jumapili, wala lori la pili. Faida yote ya kazi ile iliishia hapo, na nikatoa na ya mfukoni.

Wakati tunakamua maji, mzee alichukua fimbo yake akawa anachoma chini ya kila shimo. Kwenye matatu ilizama. Kitako kilikuwa kimelainika, kokoto zimechanganyika na udongo. Akaniuliza kuhusu yale sita tuliyokwisha kuyajaza: je, tulichoma? Hatukuchoma. Wiki sita baadaye, masika yakiwa yamekolea, mawili kati ya yale sita yalizama. Tukayavunja.

Kitako kibovu hubadilisha karatasi yote, na ukiangalia juu tu hukioni. Mashimo matano ya namna ile, kila moja mita za mraba 3.24, ni mita za mraba 16.2. Tulichimba sentimita 15 chini ya lami kwenye kila moja, yaani mita za ujazo 2.43 za kokoto ya msingi iliyoshindiliwa. Lakini kokoto inauzwa ikiwa imelegea juu ya gari, kwa hiyo nazidisha kwa 1.3: zaidi kidogo ya mita za ujazo 3. Hiyo lazima iwe kokoto iliyochanganyika saizi zote, kuanzia zile kubwa mpaka vumbi lake, ili ishikane. Zile kokoto za zege za saizi moja, hata zikitoka Lugoba zikiwa ngumu namna gani, zinabaki na matundu na maji yanakaa humo. Tena zinashindiliwa kwa tabaka, si zaidi ya sentimita 10 kwa mara moja ukiwa na kompakta ndogo, na unanyunyizia maji kidogo. Kwenye kina cha 15 unaweka tabaka mbili. Nimeona watu wanamwaga zote mara moja wanapitisha mashine juu. Juu inakaza kama meza, chini bado ni mchanga tu.

Kwa hiyo kabla sijaandika namba yoyote sasa, natembea na nyundo na nondo yenye ncha. Nyundo nagonga pembeni ya shimo nikisikiliza. Lami nzima inatoa sauti kavu. Iliyoachana na kitako inatoa sauti ya debe. Hapo nachora kwa rangi ya kupuliza mstari utakapopita msumeno, na mistari hiyo ndiyo ninayoipima. Penye nyufa zilizojichora kama gamba la kobe sihangaiki kugonga; pale chini kumeoza, nalihesabu eneo lote kama shimo la kina kirefu hata kama gari bado linapita bila kushtuka. Wateja hawapendi. Mteja anaona lami yake ipo, kwa nini uivunje? Namchomea nondo mbele yake. Wengi wakiona inavyozama wananyamaza.

Lami ya maji, ile ya kupaka chini na pembeni kabla ya kujaza, watu huikadiria kwa kubahatisha kwa sababu ni kidogo. Mimi nilinunua dumu moja la lita 20. Mita za mraba 45 za chini, pamoja na kingo zote ambazo ukizikunjua zinafika kama mita za mraba 6, kwa nusu lita kila mita, ni lita 25 na zaidi. Tulipofika shimo la kumi na moja kijana alianza kukung'uta brashi. Kingo ndizo zinazostahili kupakwa kuliko sehemu nyingine yoyote, maana maji yanaanzia hapo kupenya. Halafu ikipakwa iachwe igeuke. Inaingia ikiwa na rangi ya kakao, inakuwa nyeusi maji yake yakiondoka, na hapo ndipo lami moto inaruhusiwa kuingia. Usiipake kama unasiriba ukuta. Ikizidi, kiraka kinateleza juu yake jua likiwaka, na jua la Dar es Salaam halihitaji kuhimizwa.

Nyufa za kawaida, zisizo na kitako kibovu, nilikuwa siziandiki kabisa. Nilidhani nitazijaza kwa mabaki. Hesabu yake ni nyepesi: ufa wenye upana wa sentimita 1, ukiujaza kina cha sentimita moja na nusu, unakula lita 0.15 kwa mita. Mita mia ni lita 15. Ila lazima utembee na tepu kando ya kila ufa, uinamishe mgongo, uandike.

Kuhusu lami baridi ya mifuko: mfuko wa kilo 25 unajaza robo ya mita ya mraba kwa kina cha sentimita 5. Mifuko minne kwa mita moja ya mraba. Ukikokotoa kwa bei ya mfuko utaona kwa nini haifai kazi kubwa, lakini kwa mashimo mawili matatu ya uani kwa mtu, ambapo kiwanda hakikuuzii chini ya kiwango chake, inakuokoa. Ningekuwa na mifuko 20 Jumamosi ile, lile shimo la saba lisingelala nusu.

Jambo nililochelewa kuliko yote kulielewa ni kwamba mashimo yale yalikuwa na mpangilio. Manne yalikaa mstari mmoja chini ya paa la madarasa, pale bomba la maji ya mvua lilipokatika, mengine matatu yakifuata mteremko kuelekea getini. Mvua ilikuwa inachimba pale kila mwaka. Mimi nilipima mashimo, sikupima njia ya maji. Mzee alinionyesha kwa kumwaga ndoo moja ya maji mlangoni pa darasa, tukasimama tukayafuata. Yalipita shimo kwa shimo kama yamepangiwa.

Tangu siku hiyo ndoo ni kifaa changu cha makadirio. Namwaga, nafuata, naandika: bomba mita ngapi, mfereji mita ngapi, saruji mifuko mingapi, mawe kiasi gani. Mara nyingine gharama ya maji inakaribia gharama ya lami, na mteja ananiambia, "Fundi, mimi nimekuita kwa mashimo." Namjibu kwa heshima, lakini sishushi. Inaniuma kuona lami nzuri, iliyochomwa kwa mafuta na kusafirishwa kwa jasho, inatumbukizwa kwenye njia ya maji ili ifumuke mwaka ujao. Shule ile ilikuwa na fedha za wazazi, na sehemu ya fedha hizo niliizika kwenye mashimo mawili yaliyozama kwa uzembe wangu wa kutochoma fimbo.

Kazi iliyofuata ilikuwa uwanja wa godauni Chang'ombe, na hapo nilibadilisha mpangilio mzima. Siku ya kwanza nachora na kukadiria, nampa mteja tani zenye ukomo wa chini na wa juu. Siku ya pili nakata na kuchimba nusu tu ya kazi, nasafisha, nashindilia kitako, halafu napima upya mashimo yakiwa wazi. Ni vipimo vya jioni ile ninavyovipigia simu kiwandani, si vya mwanzo. Siku ya tatu lami inakuja, na sikati kingine mpaka nione toroli zinakwendaje.

Chang'ombe makadirio ya rangi yalisema tani 8.1, vipimo vya baada ya kukata vikasema 9.4, nikaagiza 10. Tulijaza yote. Lakini lori lilikaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela kwa muda wa karibu saa mbili, turubai halikufungwa vizuri kwa nyuma, na lami ya mkiani ilifika imeganda madonge. Kama toroli tatu tuliitupa. Ndiyo maana ile asilimia ya kupotea haifanani kila mahali: kiwanda kikiwa karibu na asubuhi mapema naongeza 5, nikitazamia foleni naongeza 10. Na dereva nampigia simu kabla hajaondoka kuhusu turubai, hata akinuna.

Tiketi za mizani nazihifadhi zote. Kila kazi ikiisha naandika kwenye daftari mistari mitatu: nilichokadiria kwa rangi, nilichopima baada ya kukata, na tani zilizoingia kweli. Ukurasa wa kwanza kabisa ni wa Tabata, na una namba mbili tu, 3 na 7, kwa sababu kipimo cha katikati sikuwa nacho.

Mwaka jana mwalimu mkuu yule yule aliniita tena, safari hii kwa eneo la chini pale mabasi ya wanafunzi yanapogeuzia. Viraka vya juu vilikuwa vimekaa. Yale manne ya chini ya paa yalikuwa makavu, na bomba jipya bado limeshika. Nilimwomba ndoo ya maji. Akacheka kidogo, akaniambia ameshaitayarisha, iko pale mlangoni pa darasa la tatu.